TAHARIRI: Mtoto Amejifunza Wapi Kudharau Rangi?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi, Aliyezijaalia tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Mwezi huu tumeona tuanze na swali la mtoto. Katika madrasa moja ya mwambao, ambamo mwandishi wa mistari hii anasomesha, darasa la watoto wadogo lilikuwa katika kisa cha Bilal bin Rabah (r.a.). Watoto walisikiliza kwa utulivu namna alivyolazwa juu ya mchanga wa Makka uliokuwa ukiwaka jua, jiwe zito likawekwa kifuani pake, naye asiache kumpwekesha Mola wake. Kisa kilipomalizika, mtoto mmoja wa kiume, ambaye umri wake hauzidi miaka sita, alinyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, Bilali akiingia Peponi atageuzwa awe mweupe?"

Mstari wa mbele alikuwa ameketi mtoto wa kike ambaye ndiye mweusi kuliko wenzake wote darasani. Alikuwa akichezea ukingo wa juzuu yake. Aliposikia swali lile aliacha kuchezea, akainua macho kumtazama mwalimu. Mwalimu akajibu kwa haraka, kama tufanyavyo tunapoulizwa jambo tusilolitarajia, kwamba Peponi watu wote watakuwa wazuri. Watoto wakaridhika, na somo likaendelea.

Jibu lile lilikuwa baya. Mtoto aliuliza habari ya weusi akajibiwa habari ya uzuri, na kwa hivyo akapata uthibitisho wa kile alichokuwa akikidhani, kuwa mambo hayo mawili hayakai pamoja. Yule binti naye alilipokea jibu hilo hilo. Baada ya darasa mwalimu alimwita mtoto aliyeuliza, akamtaka kwa upole aeleze ni nani aliyemwambia kuwa Bilali atageuzwa rangi. Mtoto hakutaja nyumbani wala mtaani. Alisema: "Si wewe Ustadhi uliyetusomesha kuwa nyuso za watu wa Peponi ni nyeupe na za watu wa Motoni ni nyeusi?"

Mtoto yule alisema kweli. Na ndiyo maana tahariri hii haianzi kwa kuwalaumu wazazi, bali inaanza kwa kukiri.

WATOTO HUANZA MAPEMA KULIKO TUNAVYODHANI

Wengi wetu twaamini kuwa mtoto mdogo haoni rangi, na kwamba mambo ya ubaguzi huja ukubwani pamoja na siasa na maslahi. Dhana hii ina nusu ya ukweli. Ni kweli kuwa mtoto huzaliwa juu ya fitra, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.) katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza. Lakini kazi hiyo ya kumgeuza huanza mapema mno.

Mwaka 2005 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya watoto wachanga wa Kizungu. Waliozaliwa siku chache tu zilizopita hawakuonyesha kupendelea kutazama uso wa rangi yoyote. Waliofikia miezi mitatu walizitazama zaidi nyuso za watu wa rangi ya kwao. Mwaka uliofuata, watafiti wengine walilinganisha makundi matatu ya watoto wachanga: Wazungu waishio Israel, Waafrika waishio Ethiopia, na watoto wa asili ya Ethiopia waliokuwa wakilelewa Israel katika mazingira yenye watu weusi na weupe pamoja. Makundi mawili ya mwanzo yalipendelea nyuso za rangi ya kwao. Kundi la tatu halikupendelea upande wowote.

Tufahamu vizuri maana ya jambo hili. Mtoto wa miezi mitatu hachukii mtu. Yeye hulizoea lile alionalo. Macho yake yanajifunza ni nani wa kawaida na ni nani mgeni, na mafunzo hayo hayatoki katika damu yake, yanatoka kwa wale wanaoinama juu ya kitanda chake. Mzazi ambaye nyumbani mwake haingii mtu ila wa rangi moja, tayari amekwisha kumsomesha mwanawe somo la kwanza, hata kama hakutamka neno.

Somo la pili ni lile la thamani. Huko Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie Clark, ambao wote wawili walikuwa weusi na wataalamu wa elimu ya nafsi, waliwapa watoto weusi 253 wa umri wa miaka mitatu hadi saba wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakawauliza ni yupi wangependa kucheza naye, yupi ni mzuri, na yupi anaonekana mbaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1947. Takriban theluthi mbili ya watoto wale walimchagua mwanasesere mweupe wa kucheza naye, na zaidi ya nusu walimwonyesha mweusi kuwa ndiye anayeonekana mbaya. Hawa walikuwa watoto weusi. Baadhi yao, walipoulizwa mwishoni ni yupi anayefanana na wao wenyewe, walilia au walikimbia. Ushahidi huo ulikuwa miongoni mwa ule uliofikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 17 Mei 1954 iliamua kuwa kuzitenga shule za serikali kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba.

Mtu asiseme kuwa hayo ni ya Marekani na yamepita. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa Afrika ya Kusini, ambako sheria za ubaguzi zilikuwa zimekwisha kufutwa kabla ya watoto wale kuzaliwa. Walipoonyeshwa picha za watu na picha za mali, watoto walizioanisha mali za thamani kubwa na watu weupe. Hakuna aliyewafundisha hivyo kwa kitabu. Walitazama barabarani wakaona nani anakaa nyumba gani, wakajifanyia hesabu yao wenyewe.

MWALIMU NA SHATI LA RANGI

Kuna uchunguzi mmoja ambao kila mwalimu wa madrasa apaswa kuujua. Mwaka 1997 mwanachuoni wa Kimarekani, Rebecca Bigler, pamoja na wenzake, walichapisha habari ya watoto wa shule waliovalishwa mashati ya rangi mbili, ya buluu na ya manjano. Katika baadhi ya madarasa mwalimu alizitumia rangi hizo katika kazi zake za kila siku: kuwapanga watoto, kuwaita, kuwagawia kazi. Katika madarasa mengine watoto walivaa mashati yale yale, lakini mwalimu hakuyashughulikia kabisa. Baada ya wiki chache, watoto wa madarasa ya mwanzo walikuwa wakiliona kundi lao kuwa bora. Katika madarasa ambayo mwalimu hakuzijali rangi, upendeleo wa namna hiyo haukuota.

Walimu wale hawakusema kuwa shati hili ni bora kuliko lile. Kule kuitumia tu rangi kuwa ndiyo kipimo cha kuwapanga kulitosha. Mtoto hujiambia: mtu mkubwa ameijali tofauti hii, basi lazima ina maana.

Sisi wa Afrika Mashariki tulifanyiwa jaribio hilo kwa miongo mingi, na lilikuwa la kweli. Chini ya Waingereza, shule za Kenya ziligawanywa kuwa za Wazungu, za Waasia, za Waarabu na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake na majengo yake. Tanganyika nayo ilikuwa na mgawanyo kama huo, ambao uliondolewa mara baada ya uhuru wa 1961. Babu zetu walivalishwa rangi zao kama mashati, wakapangiwa madawati kwa mujibu wake. Na kabla ya hapo palikuwapo utumwa, ambao soko lake la hadharani Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa kisheria Unguja na Pemba ila mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Sheria hufutwa kwa siku moja. Maneno hubaki vinywani mwa mabibi na mabwana, yakarithiwa na wajukuu wasiojua hata yalikotoka.

MANENO YA JIKONI

Ndugu msomaji, jaribu kuhesabu maneno ambayo mtoto wako huyasikia kwa wiki moja. Mtoto amezaliwa; kabla hajaadhiniwa, shangazi ameyafunua masikio yake atazame rangi atakayokuwa nayo. Akiwa mweupe husemwa, "Mashallah, mzuri!" Akiwa mweusi husemwa, "Mweusi lakini mzuri," na hilo neno "lakini" mtoto atalisikia maisha yake yote. Nywele za singa huitwa nywele nzuri. Za kipilipili huitwa nywele mbaya, na kuchanwa kwake huandamana na manung'uniko. Mtoto akicheza juani huitwa ndani asije akawa mweusi. Dada yake anajipaka mkorogo, naye mdogo anatazama, hali dawa hizo zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na zinaunguza ngozi. Inapokuja posa, husikia mlangoni watu wakiuliza rangi na ukoo kabla ya kuuliza sala.

Maradhi haya hayana upande mmoja. Mtoto mwenye asili ya Kiarabu au ya Kihindi naye huitwa chotara, huambiwa si mwenzetu na arudi kwao, hali kwao ni hapa. Na watoto wenye ualbino wamepata makubwa zaidi: wameitwa majina ya kuwatoa katika ubinadamu, na katika nchi yetu ya Tanzania na kwa majirani zetu wapo waliokatwa viungo na waliouawa kwa itikadi za kishirikina. Mwenye kushika panga hakuzaliwa nalo. Alianza kwa kusikia utotoni kuwa yule si mtu kama yeye.

Wapo wazazi wema wanaochukia mambo haya, nao wameona dawa ni kunyamaza. Husema: tukizungumza habari za rangi tutamfunza mtoto asiyoyajua. Utafiti uliofanywa Austin, Texas, juu ya familia za Kizungu ulionyesha matokeo ya kimya hicho. Wazazi wengi waliona taabu kulizungumza jambo hili na watoto wao waziwazi, hata walipotakiwa kufanya hivyo. Watoto walipoulizwa kama wazazi wao wanawapenda watu weusi, wapo waliojibu hapana, na wapo waliojibu kuwa hawajui. Kimya cha mzazi hakimwachi mtoto mtupu. Humwachia nafasi ya kujazwa na jikoni, na televisheni, na mtaa.

NYUSO NYEUPE NA NYUSO NYEUSI

Sasa turudi kwa mtoto wetu na kosa la mwalimu wake. Katika Surat Aal Imran, aya ya 106, Allah (s.w.) ametaja Siku ambayo nyuso nyingine zitakuwa nyeupe na nyingine zitakuwa nyeusi. Mwalimu aliisoma aya, akaitafsiri neno kwa neno, akaendelea mbele. Mtoto wa miaka sita hajui majazi. Yeye akisikia uso mweusi, hugeuka kumtazama jirani yake.

Lau mwalimu angefanya kazi yake kwa ukamilifu, angewafahamisha kuwa Qur'ani hujifasiri yenyewe. Katika Surat An-Nahl, aya ya 58, Allah anaeleza hali ya Mwarabu wa zama za jahiliya aliyepewa habari ya kuzaliwa mtoto wa kike: uso wake huwa mweusi, naye amejaa hasira na huzuni. Mtu huyo ngozi yake haikubadilika. Ni usemi wa Kiarabu wa kueleza majonzi na fedheha, kama sisi tunavyosema kuwa fulani uso umemsawijika, wala hatukusudii rangi yake. Basi weupe wa nyuso Siku hiyo ni nuru ya furaha, na weusi wake ni giza la majuto. Fir'auni na Abu Lahab hawatapata nuru hiyo hata wangekuwa na ngozi ya rangi gani, na Bilali hataikosa.

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Ibn al-Jawzi, aliyekuwa Baghdad katika karne ya sita ya Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila za watu weusi na Wahabeshi, akakanusha ule uzushi kuwa weusi ni laana ya Nabii Nuh (a.s.) kwa mwanawe Ham. Ahmad Baba wa Timbuktu, katika fatwa yake ya mwaka 1615, naye aliukataa uzushi huo na akabainisha kuwa weusi wa mtu si dalili ya utumwa. Pamoja na hayo, uzushi wa Ham bado husikika katika baadhi ya baraza zetu, tena kutoka kwa watu wenye vilemba.

PAJA LA MTUME (S.A.W.)

Tunapotafuta malezi, tutazame vipi Mtume (s.a.w.) aliwapakata watoto. Usama bin Zayd (r.a.) alikuwa mweusi. Mama yake, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi, na baba yake aliwahi kuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Usama mwenyewe ametusimulia, katika Sahihi ya Bukhari, kuwa Mtume alikuwa akimweka yeye juu ya paja moja na mjukuu wake Hasan juu ya paja la pili, akiwakumbatia na kuwaombea rehma pamoja. Mtoto wa Fatima na mtoto wa Ummu Ayman, kifua kimoja, dua moja. Watu wa Madina waliona, na watoto wa Madina waliona. Miaka michache baadaye, Usama akiwa kijana wa umri wa miaka ipatayo kumi na minane, alipewa uongozi wa jeshi lenye wakubwa wa Masahaba.

Tazama pia alivyowajibu wenye shaka. Alimjia mtu wa kabila la Fazara akimtilia shaka mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume hakumkemea. Alimuuliza rangi za ngamia wake, kisha akamuuliza kama yumo mwenye rangi tofauti na wenzake, na imetoka wapi. Yule bwana akasema huenda ni asili iliyojitokeza. Mtume akamjibu kuwa huenda na mwanawe ni hivyo hivyo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, nayo yawatosha wale wanaonong'ona juu ya kitanda cha mzazi.

Na tusidhani kuwa imani peke yake huyang'oa yaliyopandwa utotoni. Abu Dharr (r.a.) alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Hata hivyo siku moja katika ugomvi alimtukana mtu kwa mama yake asiyekuwa Mwarabu. Riwaya ya Bukhari haikumtaja mtu huyo kwa jina, na baadhi ya riwaya nyinginezo zasema alikuwa Bilali. Mtume alimwambia Abu Dharr kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake bado imo jahiliya. Ikiwa mabaki hayo yalisalia katika kifua cha Abu Dharr, ni nani kati yetu atakayejidai kuwa ameepukana nayo?

YATUPASAYO

Safu za sala ni neema kubwa. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kuwa kukutana kwa makundi hupunguza chuki pale watu wanapokuwa sawa kwa cheo, wana lengo moja, wanashirikiana, na wakubwa wao wanaunga mkono. Msikiti unayo yote hayo. Tatizo ni kuwa baada ya salamu kila mtu hurudi kwa watu wake, na mtoto aliyekuwa kando ya baba yake huyaona hayo pia.

Kwa hivyo twapendekeza haya. Walimu tuchunguze ni nani tunaowaweka mbele siku za hafla na mashindano ya Qur'ani. Mwandishi wa mistari hii aliangalia picha za hafla za miaka mitatu ya madrasa yake, akakuta mabinti waliokabidhiwa maua ya kuwapokea wageni wote walikuwa weupe. Hakuna kikao kilichoamua hivyo, na wachaguzi tulikuwa sisi. Tusiwapange watoto wala kuwatania kwa rangi zao, na aya zenye majazi tuzifafanue kabla mtoto hajazifasiri mwenyewe.

Wazazi waondoe "lakini" katika sifa za watoto wao. Mtoto akiuliza kwa nini fulani ni mweusi, asinyamazishwe kwa aibu, kwani aibu yenyewe ni jibu. Aambiwe kuwa Allah ameziumba rangi mbalimbali kama alivyoziumba katika matunda na milima, na kwamba ishara ya Allah si kasoro inayongoja kusahihishwa. Nyumba zetu zifunguliwe: watoto wa rangi na makabila mengine wale sinia moja na watoto wetu. Nao wanaotoa hotuba waligusie suala la posa, kwani hapo ndipo ulimi wetu na moyo wetu huachana.

Wiki ile ile mwalimu alirudi darasani akawaambia watoto kuwa alikuwa amewajibu vibaya. Aliwaeleza maana ya nyuso nyeupe na nyeusi. Kisha akawaambia kuwa mambo ya Peponi ni ya ghaibu, hatuyasemi ila kwa elimu, na elimu tuliyonayo ni kwamba Mtume (s.a.w.) alisikia nyayo za Bilali mbele yake Peponi, akamuuliza ni amali gani anayoitarajia zaidi. Alimtambua Bilali kuwa ni Bilali. Hakutuambia popote kuwa amegeuzwa.

Yule binti wa mstari wa mbele hakusema kitu. Alifungua juzuu yake mahali alipoishia. Mwalimu hakujua, na hadi leo hajui, ni jibu lipi kati ya mawili litakalobaki naye. Imam Ghazali aliandika kuwa moyo wa mtoto ni johari safi, na ni amana mikononi mwa wazazi wake. Amana huulizwa, na walimu pia tutaulizwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) azitakase nyumba zetu na madrasa zetu kutokana na mabaki ya jahiliya, awakinge watoto wetu na maovu ya ndimi zetu, na atusamehe tuliyowafunza pasi na kukusudia. Amin.

Wabillahi tawfiq.